Corona ilipofunga njia, matibabu yalihamia simuni

Wengi husema corona ndiyo iliyoleta matibabu ya simu nchini Kenya. Mimi naishi Tassia, Nairobi, na mama yangu yuko Likoni, nami naliona jambo hili tofauti kidogo. Simu tulikuwa nazo. M-Pesa ilianza 2007, na M-Tiba, mkoba wa simu wa kuweka akiba ya matibabu, ulizinduliwa 2016. Kilichokosekana ni sababu ya kuacha mazoea ya foleni na kadi ya karatasi. Corona ilileta sababu hiyo, tena kwa nguvu.

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Wiki mbili baadaye ikaja kafyu ya usiku, na tarehe 6 Aprili serikali ikatangaza kufungwa kwa njia za kuingia na kutoka Nairobi. Mombasa, Kilifi na Kwale zikafuata siku mbili baadaye. Huku Tassia, ambako ghorofa zimebanana na ngazi moja hupandwa na familia chungu nzima, watu waliogopa benchi la zahanati. Wenye presha na sukari wakaanza kuruka siku zao za kliniki. Hapo mambo matatu yakabadilika haraka.

La kwanza ni malipo. Katikati ya Machi 2020, Safaricom iliondoa ada ya kutuma pesa zisizozidi shilingi 1,000 kwa M-Pesa ili watu wapunguze kushikana noti. Nafuu hiyo iliendelea hadi mwisho wa mwaka. Kumlipa tabibu au duka la dawa ukiwa mbali kukawa jambo la kawaida.

La pili ni ushauri. Mimi huku, mama kule, njia zimefungwa pande zote mbili. Kwa bahati alikuwa na mashine ya kupima presha nyumbani. Kila Ijumaa asubuhi binti wa jirani alimpima, akanitumia picha ya zile nambari kwa WhatsApp, nami nikampelekea tabibu wake. Tabibu alimpigia mama, akamuuliza kuhusu kizunguzungu na uvimbe wa miguu, kisha akalieleza duka la dawa la karibu cha kumpa.

Njia hiyo ilifaa kwa sababu presha hufuatiliwa kwa nambari, na tabibu alikuwa na historia yake ya miaka. Tumbo linalouma ghafla, mtoto anayepumua kwa shida au mja mzito anayevuja damu ni habari nyingine. Hao wanahitaji mkono wa daktari, na simu kazi yake ni kuita gari tu.

La tatu ni serikali yenyewe. Wizara ya Afya ilianza kutumia mfumo wa Jitenge, ambao waliojitenga nyumbani waliutumia kuripoti joto la mwili na dalili kila siku. Madereva wa malori kutoka bandari ya Mombasa kwenda Malaba na Busia nao wakawekwa kwenye mifumo ya simu ya kufuatilia safari na matokeo ya vipimo. Chanjo zilipoanza Machi 2021, mfumo wa Chanjo KE ukawezesha watu kupata cheti chao mtandaoni.

Corona ilipopungua, mlango haukufungwa tena. Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii takriban 100,000 walizinduliwa rasmi, wakiwa na mikoba ya vipimo na simu za kuingizia taarifa. Oktoba mwaka huo ikatiwa saini Sheria ya Afya ya Kidijitali, inayotambua matibabu ya mbali. Na tangu Oktoba 2024, bima ya SHA imechukua nafasi ya NHIF, na kujisajili unaweza kwa *147#, hata kwa simu ya kabambe.

Lakini kuna wanaoachwa nyuma. Mwaka jana, hospitali moja huko kwetu ilimwambia mama aonyeshe ujumbe wa miadi. Ujumbe ulikuwa umekuja kwenye simu yangu, Nairobi, tena kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa kwenye matatu, simu imezima. Bibi wa miaka sabini na tatu akakaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi adhuhuri, na kadi yake ya karatasi ameishika mkononi.

Foleni ya namna hiyo inaepukika. Ukimsajili mzazi, andika nambari ya simu anayoishika yeye mwenyewe, au ya mtu anayelala naye nyumba moja. Omba ujumbe wa Kiswahili. Mjue kwa jina mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu, kwani ndiye mwenye simu na miguu ya kufika mlangoni. Na ukiombwa taarifa za ugonjwa wako, uliza zinakwenda wapi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kujua zinavyotumika, kuziona na kudai zisahihishwe.

Hospitali nazo zina wajibu wao: mfumo ukigoma, kadi ya karatasi itoshe. Mgonjwa asirudishwe nyumbani kwa sababu ya chaji.