Neno Lenye Rangi Si Lazima Liwe Limetengwa

Swali ni lilelile kila kundi jipya linapoanza Python: "Mwalimu, maneno yote haya yenye rangi tumekatazwa kuyatumia kama majina?" Mwanafunzi amefungua kihariri, ameona if ina rangi, print ina rangi, list nayo ina rangi, akayatia yote kapu moja na kuanza kuyakariri.

Hapana. Rangi ni ya kihariri, si ya lugha. Kihariri kimoja hupaka buluu, kingine zambarau, na kwenye karatasi ya mtihani hakuna rangi yoyote. Neno hutengwa na sarufi ya lugha yenyewe, na Python ya sasa imetenga maneno 35 tu. Print halimo. Lilikuwamo katika Python 2. Toleo la 3, lililotoka 2008, likaligeuza kuwa fanksheni ya kawaida.

Kuchanganya mambo haya mawili kunawagharimu watu. Mwanafunzi anayetengeneza programu ya alama za mtihani akiandika class = "Kidato cha Pili", anakataliwa mlangoni: hakuna hata mstari mmoja unaotekelezwa, na palipo na kosa anaonyeshwa papo hapo. Hilo ni kosa jepesi. Sasa aandike list = [67, 54, 81]. Python inapokea kimya, programu inaendelea vizuri. Chini kabisa anataka herufi za jina mojamoja, anaandika list("Asha"), na programu inakatika ikilalamika kwamba orodha haiitiki kama fanksheni. Mchana mzima unaishia kwenye mstari wa Asha, ambao hauna kosa lolote.

Kukariri nako hakusaidii, maana orodha hubadilika. Mwaka 2018 Python 3.7 ilitenga async na await. Celery, maktaba iliyokuwa imeipa moduli yake jina la async, ikalazimika kulibadilisha. Tena kila lugha ina orodha yake: Java imetenga goto bila kulipa kazi yoyote.

Anayetaka orodha ya toleo lake aandike import keyword, kisha print(keyword.kwlist). Aliyeng'ang'ania class aongeze kistari cha chini: class_. Herufi kubwa si dawa ya kila lugha. Katika SQL, ORDER na order ni neno moja. Nafuu kuliko yote ni darasa, alama, jina: kati ya yale 35 hakuna hata moja la Kiswahili. Na aliyekwisha kuandika list = [67, 54, 81], alibadilishe jina hilo kila linaposimamia orodha yake, asiguse list("Asha"), kisha aiendeshe programu upya tangu mwanzo.