Programu za Kubebeka Kama Chaguomsingi la Kompyuta

Programu ya kubebeka ni ile inayofanya kazi bila kusakinishwa. Faili zake zote, pamoja na mipangilio ya mtumiaji, hukaa ndani ya folda moja. Folda hiyo huwekwa kwenye flashi, flashi ikachomekwa katika kompyuta, na kazi ikaanza papo hapo. Programu ya kawaida hutawanya faili zake katika diski na kuandika habari zake katika rejista, yaani daftari kuu la Windows. Ya kubebeka imekusudiwa kuingia na kutoka bila kuacha alama. Flashi zilianza kuuzwa mwaka 2000, na mwaka 2004 mtaalamu wa kompyuta John T. Haller alitoa toleo la kubebeka la kivinjari cha Firefox. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa mkusanyiko wa PortableApps.com, wenye LibreOffice ya maandishi na hesabu, VLC ya video na muziki, GIMP ya picha, Sumatra PDF ya kusomea nyaraka na 7-Zip ya kufungulia faili zilizobanwa. Zote hizo hupatikana bure.

Kisumu na miji jirani kama Bondo, Homa Bay na Mbita haikosi watu wa kuzihitaji. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno asiye na laptopu huandika tasnifu yake kwa awamu: leo katika maabara ya chuo, kesho katika saiba ya Kondele, wikendi kwenye kompyuta ya jamaa. Mashine hizo si zake, programu zake hazifanani, na nyingine haziruhusu mteja kusakinisha chochote. Flashi yenye LibreOffice na kivinjari humpa vifaa vilevile kila anapoketi. Akishavizoea, hutaka hatua moja zaidi: akibofya faili mara mbili, ifunguliwe na programu iliyo ndani ya flashi yake, si ile iliyokuwamo kwenye kompyuta.

Hapo ndipo suala la chaguomsingi linapoingia. Windows huitambua faili kwa kiambishi cha mwisho wa jina lake, kama .pdf, .docx au .mp3. Kila kiambishi kimeandikiwa katika rejista programu ya kukishughulikia, pamoja na njia kamili ya kuifikia, kuanzia herufi ya diski hadi jina la programu. Faili inapobofywa, kompyuta haitafuti programu nzuri kuliko nyingine; husoma anwani hiyo na kuifuata. Programu ya kawaida hujiandikisha yenyewe inaposakinishwa. Ya kubebeka haijiandikishi, kwa kuwa kutogusa rejista ndiyo sifa yake kuu. Kuifanya chaguomsingi ni kuifungia anwani moja programu iliyoundwa kuhamahama. Ni sawa na kumwagizia mteja samaki kwa mvuvi wa ufuo wa Dunga, kumbe mvuvi mwenyewe leo kashushia ufuo wa Usoma.

Anwani hupotea kwa urahisi. Flashi iliyoitwa E: jana yaweza kuitwa F: leo kwa sababu simu au flashi nyingine ilitangulia kuchomekwa. Faili ikibofywa, Windows huitafuta programu kwenye E:, haioni kitu, kisha hutoa ujumbe wa kosa au kuuliza itumie programu gani. Flashi ikichomolewa kabisa, hali huwa hiyohiyo.

Kwa mwenye kompyuta yake, dawa rahisi ni kunakili folda ya programu kutoka kwenye flashi hadi katika diski ya ndani, kwa mfano katika folda yake ya nyaraka. Programu inabaki ya kubebeka, kwani folda yaweza kurudishwa kwenye flashi wakati wowote, lakini anwani haibadiliki. Anayetaka kuitumia moja kwa moja kutoka kwenye flashi aingie katika kifaa cha Windows cha kusimamia diski na kuipa flashi herufi ya mbali, kama X:, ambayo vifaa vingine haviichukui kwa kawaida. Kompyuta hiyo itaikumbuka, ingawa kazi hiyo huhitaji ruhusa ya msimamizi na haina nguvu katika kompyuta nyingine.

Anwani ikishatulia, kazi iliyobaki ni fupi. Faili ya aina inayotakiwa hubofywa kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha huchaguliwa "Open with" na amri ya kutafuta programu nyingine ndani ya kompyuta. Mtumiaji huifuata folda hadi kwenye programu yenyewe, huichagua, na kuthibitisha kuwa itumike daima. Zoezi hurudiwa kwa kila kiambishi: kuipa VLC faili za .mp4 hakuipi za .mp3.

Wengi hukosea katika kuchagua faili ya kuanzishia. Folda ya Firefox ya kubebeka ina faili iitwayo FirefoxPortable.exe, na ndani zaidi imo firefox.exe. Ya kwanza ni kizinduzi. Huiambia programu isome na kuhifadhi mipangilio ndani ya folda yake. Ikichaguliwa ya pili, programu itafunguka, lakini alamisho, historia na manenosiri vitahifadhiwa katika kompyuta iliyochomekewa flashi, na maana yote ya kubebeka itakuwa imepotea. LibreOffice nayo ina vizinduzi mbalimbali: cha Writer kinafaa faili za maandishi, cha Calc kinafaa majedwali.

Vivinjari vina ugumu wao. Katika enzi ya Windows XP programu yoyote iliweza kujitwalia nafasi ya chaguomsingi, na programu hasidi zilitumia mwanya huo. Kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012, uamuzi wa mtumiaji hulindwa kwa msimbo maalumu, na programu ikiubadilisha kwa mlango wa nyuma, Windows huukataa. Tena kivinjari hakionekani katika orodha ya mipangilio mpaka kiwe kimejiandikisha kuwa kinaweza kufungua viungo vya wavuti, jambo ambalo cha kubebeka hakifanyi. Vipo vifaa vya kukiandikisha kwa nguvu, lakini huacha mabaki katika rejista. Kwa kompyuta ya mtu binafsi ni afadhali kusakinisha Firefox ya kawaida, ambayo yaweza kuwekwa kwa mtumiaji mmoja hata bila nenosiri la msimamizi.

Saiba ni habari nyingine. Mteja akibadilisha chaguomsingi kisha akaondoka na flashi, anayefuata hukuta faili hazifunguki. Madhara yake huonekana zaidi msimu wa ritani za kodi, ambazo mwisho wake ni 30 Juni. Fomu ya mfumo wa iTax wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya imekuwa ikipakuliwa kama jedwali la Excel lenye makro, zinazokagua majibu na kutengeneza faili ya kupakia kwenye mfumo. Hata flashi ikiwa bado imechomekwa, jedwali hilo likifunguliwa na LibreOffice, makro zake zaweza kukataa kufanya kazi, na mteja akadhani fomu ndiyo mbovu. Baadhi ya saiba na maabara hujikinga kwa programu kama Deep Freeze, inayoirudisha kompyuta katika hali yake ya awali kila inapowashwa upya, hivyo mabadiliko yote hufutika.

Njia inayofaa mashine ya watu wengi ni kuugeuza utaratibu: kwanza fungua programu kutoka kwenye flashi, kisha ifungue faili ukiwa ndani ya programu hiyo. "Open with" nayo hutosha, mradi ichaguliwe kwa mara moja tu.

Usalama nao una masharti yake. Flashi inayozunguka saiba hubeba virusi kama inavyobeba kazi, kwa hiyo ikaguliwe kabla ya kutumiwa nyumbani. Manenosiri yaliyohifadhiwa katika kivinjari cha kubebeka hupotea pamoja na flashi na yaweza kusomwa na anayeiokota, basi nenosiri kuu liwekwe. Programu ifungwe na flashi itolewe kwa utaratibu, kwani kuichomoa ghafla, au stima kupotea katikati ya kuhifadhi, huweza kuharibu folda nzima. Nakala ya pili ya kazi ikae mahali pengine.

Kwa ufupi, programu ya kubebeka inafaa kuwa chaguomsingi katika kompyuta ya mtu mwenyewe, ikiwa mahali pasipobadilika na kupitia kizinduzi chake. Katika kompyuta ya saiba, maktaba au ofisi, itumike na iondoke bila kugusa mipangilio ya wengine.