Fahamu Vyanzo vya Hitilafu za Kuingia na Kulipia Fomu za Serikali Mtandaoni, na Namna ya Kuzitatua

Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu ambaye amekwishalipa ada ya maombi lakini anashindwa kuingia tena katika fomu yake ya mtandaoni, mbele ya mfumo ni sawa na mtu ambaye hajakamilisha maombi. Dirisha likifungwa, stakabadhi aliyonayo haiwezi kuziba pengo la fomu ambayo haikuwasilishwa. Hali hiyo huweza pia kumkuta anayeomba pasipoti, anayesajili jina la biashara au anayeomba leseni. Hata hivyo, nyingi ya hitilafu hizi ni ndogo, na mwananchi anaweza kuzitatua mwenyewe iwapo atatambua mahali zilipotokea.

Malipo yanavyosafiri

Tangu mwaka 2017, taasisi za umma nchini Tanzania hukusanya maduhuli kupitia mfumo wa Serikali wa malipo ya kielektroniki unaofahamika kama GePG, ulio chini ya Wizara ya Fedha. Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba mwombaji wa kawaida hahitaji kufungua akaunti katika mfumo huo ili alipie huduma. Akaunti na nywila yake vimo katika mfumo wa taasisi anayoomba huduma.

Mwombaji anapofika hatua ya malipo, mfumo wa taasisi hutuma ankara GePG. Kisha hurejeshwa namba ya kumbukumbu ya malipo, yenye tarakimu 12 na inayoanza na 99, ambayo wananchi wamezoea kuiita kontroo namba. Mwombaji hulipa kwa namba hiyo kupitia benki, wakala au simu ya mkononi. Aliyepokea fedha huijulisha GePG, nayo huijulisha taasisi, ndipo fomu hufunguka kwa hatua inayofuata.

Safari hiyo ina milango mitatu: akaunti ya mwombaji, mawasiliano kati ya taasisi na GePG, na huduma ya benki au kampuni ya simu. Kabla ya kuhangaika, mwombaji ajiulize kwanza ni mlango upi uliogoma.

Mlango wa kwanza: akaunti ya mwombaji

Dalili yake ni ujumbe unaosema kuwa jina la mtumiaji au nywila si sahihi. Chanzo huwa ni namna taarifa zilivyoandikwa. Katika maombi ya mkopo, kwa mfano, mwombaji hutambuliwa kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne, ambayo hubeba namba ya shule, namba ya mtahiniwa na mwaka. Kosa la alama moja ya mkwaju au mwaka usio wenyewe hutosha kumfungia mlango. Vivyo hivyo, Namba ya Utambulisho wa Taifa ina tarakimu 20, na huandikwa kwa vistari katika kitambulisho. Ipo mifumo inayoitaka bila vistari hivyo, kwa hiyo ni vyema kusoma mfano ulioandikwa kando ya kisanduku.

Nywila nayo hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Simu nyingi hugeuza herufi ya kwanza kuwa kubwa bila kuulizwa, na anayenakili nywila kutoka katika ujumbe mfupi huweza kubeba nafasi tupu mwishoni bila kuiona. Akishakosea mara mbili, ni busara kutumia sehemu ya kurejesha nywila badala ya kuendelea kubahatisha, kwa kuwa baadhi ya mifumo hufunga akaunti kwa muda baada ya majaribio kadhaa yaliyoshindikana.

Zipo nyakati ambapo taarifa ni sahihi lakini ukurasa humrudisha mwombaji mwanzo kila anapoingia. Hapo kasoro huwa katika kivinjari kilichohifadhi kumbukumbu za kikao cha zamani. Afunge kurasa zote za mfumo huo, afute vidakuzi na kumbukumbu za kivinjari, kisha aandike upya anwani ya taasisi badala ya kutumia kiungo alichokihifadhi. Endapo kivinjari kitatoa onyo kuwa tovuti si salama, aangalie pia tarehe na saa ya kifaa chake, kwani saa isiyo sahihi huweza kusababisha cheti halali cha usalama wa tovuti kionekane kimekwisha muda. Saa ikiwa sahihi na onyo likabaki, asiingize taarifa zake.

Tahadhari kwa wanaojaziwa fomu steshenari

Waombaji wengi, hususan wasio na kompyuta, hujaziwa fomu katika steshenari. Huduma hiyo ni msaada mkubwa, lakini huzaa tatizo moja lisilo na njia ya mkato: mhudumu akiweka barua pepe na namba yake ya simu, ujumbe wa kurejesha nywila humwendea yeye. Miezi kadhaa baadaye, mwombaji anapotakiwa kurekebisha taarifa au kusoma majibu, hana namna ya kuingia bila kumtafuta mhudumu huyo.

Mwombaji ahakikishe kuwa namba ya simu na barua pepe zilizoandikwa ni zake, achague nywila mwenyewe, na aondoke katika akaunti kabla ya kuinuka kitini. Pia asome jina lililoandikwa juu ya ankara kabla ya kulipa. Katika kompyuta inayotumiwa na watu wengi, akaunti ya mteja aliyetangulia huweza kubaki wazi, na anayefuata akajikuta amelipia fomu ya mtu mwingine.

Mlango wa pili: taasisi na GePG

Dalili ya mlango huu ni kwamba mwombaji ameingia vizuri katika akaunti yake, lakini namba ya malipo haitoki, au ukurasa unaonesha kuwa ombi linashughulikiwa bila kufika mwisho. Mifumo hiyo miwili nayo hutambuana, kwa kutumia saini za kidijitali. Utambuzi huo ukishindikana, au mtandao kati yao ukizidiwa, hakuna nywila ambayo mwombaji anaweza kuibadilisha ikasaidia.

Linalofaa ni kusubiri, kisha kuingia upya na kuangalia orodha ya ankara kabla ya kuomba namba nyingine. Kubonyeza kitufe mara kwa mara huweza kuzalisha ankara zaidi ya moja, na mwombaji akalipa mojawapo huku fomu ikisubiri nyingine.

Mlango wa tatu: fedha zimekatwa, fomu haijatambua

Hili ndilo linalowatia wananchi hofu zaidi. Kanuni ya kwanza ni kutolipa mara ya pili. Mwombaji asome ujumbe wa muamala na kulinganisha tarakimu zote 12 na zile zilizo katika ankara, pamoja na kiasi. Ada ya maombi ya mkopo ya shilingi 30,000, kwa mfano, ilipwe kama ilivyo, kwa kuwa ankara inayotaka kiasi kamili haikubali pungufu. Ankara pia huwa na tarehe ya mwisho, na ikipita malipo hukataliwa hata kama namba imeandikwa kwa usahihi. Hapo, na iwapo fedha hazijakatwa, mwombaji ataomba ankara mpya.

Fedha zikiwa zimekatwa na fomu haijafunguka, mwombaji awasiliane na dawati la msaada la taasisi husika akiwa na namba ya kumbukumbu ya malipo, namba ya muamala, tarehe na saa ya kulipa, na picha ya skrini inayoonesha maneno ya hitilafu kama yalivyo. Kusema tu kwamba mfumo umegoma hakumpi mtoa huduma pa kuanzia.

Jihadhari na matapeli

Mwananchi aliyebanwa na muda ni windo rahisi. Tovuti za taasisi za Serikali huishia na .go.tz, na anwani isome yote hadi mwisho, kwani tapeli huweza kuyaweka maneno hayo katikati ya anwani yake. Mtumishi halali hatamwomba mwananchi nywila, namba ya siri ya simu wala namba ya uthibitisho iliyotumwa kwa ujumbe mfupi. Vilevile, anayetakiwa kutuma ada kwa namba binafsi ya simu badala ya namba ya kumbukumbu ya malipo ajue anaibiwa. Ujumbe wa utapeli pamoja na namba iliyoutuma vitolewe taarifa kupitia namba 15040.

Kinga iliyo bora kuliko zote ni kuanza mapema. Hitilafu inayotatuliwa kwa siku mbili haimdhuru aliyeanza kujaza fomu wiki tatu kabla, lakini humnyima haki yake aliyesubiri usiku wa mwisho.