Hati ya talaka: kati ya sheria ya Kiyahudi na dola

Katika sheria ya Kiyahudi (taz. Kumb 24:1), mume ndiye humpa mke hati ya talaka, tena kwa hiari yake. Akikataa, mke huitwa agunah, yaani aliyefungwa: hawezi kuolewa tena.

Nchini Israeli, sheria ya mwaka 1953 ilizipa mahakama za marabi mamlaka juu ya ndoa na talaka za Wayahudi. Ile ya 1995 inaziruhusu kumnyima mume mkaidi pasipoti na leseni ya udereva, hata kumtia gerezani. Lakini hati iliyotolewa kwa shuruti isiyo halali ni batili. Dola yaweza kumbana mume. Haiwezi kutoa talaka badala yake.

Kwetu pia, Kanuni ya 1057 yafundisha kwamba ridhaa ya ndoa haitolewi na mamlaka yoyote ya kibinadamu kwa niaba ya wahusika. Hiari hulindwa, ila isigeuzwe kamba ya kumfunga mwenzako.