Chama cha Walipa Ushuru: Kilitoka Wapi, na Kina Kazi Gani?



Mvua ikishika kule Konoin au Bureti, lori la majani chai halifiki kituoni. Majani yanakaa hadi usiku, yanapata joto, yanakuwa mekundu, na karani akija anayakataa. Hapo ndipo mtu anauliza: na ushuru tunaolipa unaenda wapi? Swali hilo ndilo linalozaa vyama vya walipa ushuru.

Wengine watasema, ati hayo ni mambo ya watu wa mjini wenye viwanja. Ni kweli huko ndiko vyama hivi vilikopata nguvu. Katika miaka ya 1990 wakazi wa Karen na Lang'ata, Nairobi, walipelekana mahakamani na Baraza la Jiji kwa sababu walilipa kodi ya viwanja na huduma hawakuziona. Lakini hata sisi tunalipa. Mama akishusha gunia la kabichi sokoni Litein anakatiwa risiti. Mwenye duka analipia leseni.

Tena kulipa si jambo geni. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1901. Sheria ya 1924 ikaleta Mabaraza ya Wenyeji, mwenyekiti akiwa D.C., nayo yakaruhusiwa kutoza watu pesa za kazi za hapa hapa. Baada ya uhuru tukawa na kansol. Tarehe 1 Januari 1970 Serikali Kuu ilizinyang'anya kansol za wilaya shule za msingi, afya na barabara, na mwaka 1974 kodi ya kichwa ikafutwa. Kansol ikabaki na ushuru wa soko, leseni na sesi ya mazao.

Hapa kuna jambo la kusikitisha. Sheria ya Kilimo ya zamani, Sura 318, ilisema asilimia 80 ya sesi irudi kwenye barabara na huduma za zao lililotozwa, na 20 tu iingie mfuko wa kawaida. Ni wakulima wangapi walilijua hilo? Ambaye hakujua angeulizaje? Sheria hiyo sasa imefutwa, na tangu 2013 tuna serikali za kaunti, Kericho na Bomet kila moja na yake.

Basi kazi ya kwanza ya chama ni kujua. Katiba ya 2010, kifungu 210, inasema hakuna kodi bila sheria. Kwa hiyo mtu akija na kitabu cha risiti, mna haki ya kumwuliza sheria ni ipi. Kazi ya pili ni kuwahi. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa pesa unaanza 1 Julai. Kikundi kinachoamka Julai kimekuta chungu kimeshaepuliwa.

Mkienda kwenye mkutano wa maoni msiseme tu "barabara ni mbaya." Semeni ni barabara gani, kutoka kituo gani hadi kipi, kilomita ngapi, na lori lilikosa kufika siku ngapi. Kwanza ulizeni ni ya nani, ya kaunti au ya KeRRA, kwa maana wengi hupeleka kilio mlango usio wake. Mkinyimwa habari, iko Sheria ya Kupata Habari ya 2016: mkiomba kwa maandishi, ofisi inapaswa kujibu kwa siku 21.

Wazee wetu hawangeshangaa. Katika kokwet watu waliketi chini ya mti, boiyot ab kokwet akaongoza, na aliyetoa jasho lake alikuwa na neno.

Lakini jihadharini. Chama kikigeuzwa ngazi ya mtu anayetaka kiti cha wadi, kitavunjika baada ya uchaguzi. Kikianza kukusanya michango kila wiki, mtakuwa mmejiongezea ushuru. Na msigome kulipa kienyeji, maana faini itamwangukia mama wa kabichi.

Wala hamhitaji kuunda chama kipya. Kikundi kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vikundi vya Jamii ya 2022 kinaweza kuandika barua kwa jina lake. Anzeni na barabara moja, na nakala ya barua ibaki kwa katibu, ikiwa na muhuri wa ofisi iliyoipokea.