Mgeni ni Kuku Mweupe: Tahadhari kwa Anayezuru Mombasa Msimu wa Mvua

Katika mkutano wetu wa muhula uliopita tulikubaliana kwamba likizo ya Aprili tutafunga safari hadi Mombasa, tukakione Kiswahili nyumbani kwake. Hoja iliyotuvutia sana ni kwamba Aprili bei huwa nafuu. Ni kweli kabisa. Hata hivyo, unafuu huo una miiba yake, na ndiyo sababu nimeishika kalamu hii. Nina shangazi anayeishi Likoni. Nimemtembelea mara mbili, zote msimu wa mvua, na mengi nitakayoyaeleza nimeyaona kwa macho yangu au nimeyasikia kutoka kinywani mwake.

Kwanza kabisa, tuuelewe msimu wenyewe. Pwani huishi kwa pepo mbili. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi; bahari hutulia, jua huwaka, na wageni humiminika. Kusi huanza karibu na Aprili na kuendelea hadi Septemba. Inapoanza huja pamoja na mvua za masika, mawimbi hupanda na fuo hujaa mwani. Sisi hapa Litein mvua hiyo ni neema, maana majani ya chai huchipuka tele na magari ya kiwandani hujaa. Kule pwani mvua hiyo hiyo huwafukuza wageni. Hoteli nyingi hupunguza bei, na nyingine hufungwa kabisa zifanyiwe ukarabati.

Sasa, mpenzi msomaji, utauliza: wageni wakipungua, si matapeli nao watapungua? La hasha! Mambo huwa kinyume, na sababu zake ni tatu. Mosi, wateja ni wachache lakini wanaowatafuta ni wale wale, kwa hiyo mgeni mmoja huzingirwa na watu kumi. Pili, bei za chini huaminika. Mtu akikuambia Desemba kwamba nyumba yenye bwawa la kuogelea ni shilingi 3,000 kwa siku, utashuku, akikuambia Aprili, utasema, "Si ni msimu wa mvua!" Tatu, kwa kuwa hoteli kadhaa hufungwa kwelikweli, ni rahisi mtu kukudanganya kwamba hata yako imefungwa, kisha akupeleke kwingine anakolipwa kamisheni. Jambo hili si la Mombasa peke yake. Katika visiwa vya Ugiriki kama Santorini, hoteli nyingi hufungwa majira ya baridi, na mgeni wa huko naye hana budi kupiga simu kuhakikisha kabla ya kumsadiki dereva.

Ili msidhani natia chumvi, nitawapa kisa kimoja. Mwaka juzi kikundi cha akina mama kumi na wawili kijijini kwetu kiliweka kando sehemu ya bonasi ya chai ili waende kuiona bahari. Wengi wao hawakuwa wamewahi kupita Nairobi. Walipata nyumba kwenye simu, picha zake za kupendeza mno. Mwenye kuitangaza alitaka amana ya shilingi 1,500 kwa kila mtu, na akawahimiza wafanye upesi kwa kuwa kuna kikundi kingine kinaitaka. Wakatuma shilingi 18,000. Walipofika na mizigo yao, mvua ikinyesha, walikuta mahali walipoelekezwa ni kiwanja kitupu kilichozungushiwa mabati, na simu ya yule bwana haipatikani. Usiku ule walilala kwa shangazi yangu, wengine kwenye mikeka, na kesho yake wakarudi nyumbani.

Hebu tupige hesabu kidogo. Tuseme mchumaji hulipwa shilingi 10 kwa kilo moja ya majani mabichi. Shilingi 18,000 ni kilo 1,800! Yaani ni mgongo ulioinama alfajiri katika umande, kikapu begani, siku baada ya siku. Pesa zetu za safari zitatoka katika mashamba hayo hayo. Ndiyo maana nasema suala hili si la mzaha.

Je, akina mama wale wangejuaje? Dalili zilikuwapo. Unapotuma pesa kwa M-Pesa, simu hukuonyesha jina la mpokeaji kabla hazijaondoka, na jina lililoonekana halikuwa lile alilojitambulisha nalo. Haraka aliyowatia nayo ilikuwa dalili, kwani haraka haraka haina baraka. Isitoshe, hakuna aliyetumwa kuitazama nyumba. Mwenye nyumba halisi hakatai ndugu yako wa Mombasa aje kuiona, wala hakatai kukuonyesha vyumba kwa simu ya video ukimwomba. Akianza visingizio, mwachie nyumba yake.

Baada ya malazi, natuingie njiani. Treni ya Nairobi hadi Mombasa ilianza kubeba abiria mwaka wa 2017, na tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Tiketi yake huandikwa jina na nambari ya kitambulisho. Kwa hiyo mtu akikuuzia tiketi yenye jina la mwingine, amekuuzia karatasi tu. Ukishuka Miritini, kumbuka kwamba bado hujafika kisiwani. Wapo watakaokuambia hakuna matatu za kuingia mjini ili upande gari lao. Usibishane nao; tembea utoke nje, uulize watu wawili watatu. Kuuliza si ujinga.

Kuhusu tuktuk, swali la bei halitoshi. Dereva akisema "mia mbili", uliza tena: "Kwa kila mtu au kwa tuktuk nzima?" Mkiwa watatu, mia mbili yaweza kugeuka mia sita mkifika. Patana kabla hujaketi.

Kivuko cha Likoni nacho kina mtego wake. Wengi wetu wa bara hatujui kwamba anayevuka kwa miguu halipi hata senti moja. Wenye magari ndio hulipa. Basi atokee mtu akuuzie "tiketi ya feri", cheka kimoyomoyo uende zako. Kadhalika, zile pembe kubwa za Moi Avenue ziko barabarani mchana kutwa. Kupigia picha chini yake ni bure.

Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka wa 1593 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2011, ina kiingilio, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni wa ng'ambo. Soma bei iliyobandikwa langoni, ulipe hapo hapo langoni. Tangu mwaka wa 2023 serikali iliagiza malipo ya huduma zake yapitie eCitizen, nambari 222222. Ukiambiwa utume kiingilio kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, shtuka. Kuna pia waelekezi wanaosubiri nje. Wapo wanaoijua historia kuliko vitabu vyetu, na malipo ni haki yao. Ila mwombe akuonyeshe kibali, na mkubaliane bei na muda kabla ya hatua ya kwanza.

Ufuoni ndiko kwenye vituko vingi. Ufuo wa Jomo Kenyatta kule Bamburi ni wa umma na kuingia ni bure. Kinacholipiwa ni boya, ngamia, mashua na picha. Mpiga picha atakupiga kwanza, bei utaisikia baadaye, kwa hiyo mwambie mapema, "Ahsante, sihitaji." Ngamia usimpande kabla hujajua ni shilingi ngapi na ni kutoka wapi hadi wapi. Ama mashua wakati wa kusi, hapo hatuzungumzii pesa tena bali uhai. Kama jaketi za kuokoa maisha hazitoshi watu wote, au wenyeji wenyewe wamevuta mashua zao nchi kavu, usikubali hata kwa bure. Na mtu akikunong'onezea kwamba ana bangili ya gamba la kasa, jiepushe naye. Kasa wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013, na utakayeshikwa na bangili mkononi ni wewe.

Wenzetu wa Zanzibar huwaita wanaowaganda wageni "papasi". Papasi ni mdudu wa jamii ya kupe. Sisi wafugaji kupe tunamjua vizuri: ukimvuta kwa hasira, kichwa hubaki ndani ya ngozi. Vivyo hivyo, ukimtukana kijana wa ufuoni atakuganda zaidi. Sema kwa upole, mara moja, kisha uendelee kutembea. Shangazi alinionya kwamba wengine, wakiisikia lafudhi yetu, watakuita "Chamgei!" kama ndugu wa damu. Itikia salamu, maana salamu ni ya Mungu, lakini mkono wako ubaki mfukoni.

Hata hivyo, tusiwaonee watu wa Mombasa. Kutajiwa bei ya juu sokoni si utapeli. Hayo ni maongezi ya biashara, nawe una ulimi wa kupunguza. Utapeli ni kuficha bei hadi umekwisha kutumia, au kuuza kisichokuwapo. Wauza madafu na wenye tuktuk wengi ni watu waaminifu ambao msimu wa mvua huwabana sana, na shilingi yetu itawafaa.

Ikitokea umetuma pesa kimakosa, usikae ukilia. Sambaza ujumbe ule wa M-Pesa kwa nambari 456 papo hapo, kabla mpokeaji hajazitoa. Nambari ya tapeli iripoti kwa 333, kisha uende kituo cha polisi.

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Kati ya kuku wote, yeye ndiye huonekana upesi, na mwewe naye ana macho. Rangi yetu ya ugeni hatuwezi kuificha. Kwa hiyo napendekeza kwa mwalimu mlezi na kamati yetu mambo mawili: malazi yetu yatazamwe na mtu tunayemjua kabla ya kulipa hata shilingi, na fedha zote za kikundi zilipwe na mtu mmoja, mwenye risiti. Tukifanya hivyo, tutarudi na Kiswahili kipya mdomoni, na chenji kidogo ya kuwarudishia wazazi. Wasalaam.