Kijana Atakaye Kazi ya Fedha

Kijana wa Kiambi, kandokando ya mto Luvua, aliyemaliza shule na kutamani kazi ya benki, twamwambia: ujifunze kwanza kutunza daftari. Kila fedha huandikwa mara mbili, itokako na iendako. Mtawa Mfransiskani Luca Pacioli aliieleza njia hiyo katika kitabu kilichopigwa chapa Venezia mwaka 1494. Nchi yetu ilijiunga na OHADA mwaka 2012, na makampuni hufuata kanuni zake za hesabu. Uzisome kabla hujaitwa.

Siku ya kuulizwa maswali, ufike mapema. Usilolijua, useme hulijui. Abahatishaye neno leo atabahatisha hesabu kesho. Pengine utaulizwa: «Jioni sanduku likipungua franka 5,000, utafanyaje?» Uhesabu tena, ulinganishe na hati, kisha umwarifu mkubwa wako siku ileile. Usifidie kwa siri kutoka mfukoni mwako, maana kosa lililofichwa huzaa jingine.

Nanyi wazazi, mwana wenu akiisha kuwa karani, twawasihi msimwombe mkopo wa siku moja kutoka sandukuni. Ile ni akiba ya mjane na karo ya mtoto wa jirani. Mshahara ni wake; sanduku si lake.